Mtu wa Gichiaro Hapewi Nusu

Dallas, Embu
3 Julai 2024

Mzee Munyi,

Ni mimi Kananu, yule msichana wa kampuni ya mbegu aliyekuja kwenu Karigani Jumanne iliyopita, akanywa uji mabakuli mawili na kuondoka mikono mitupu. Nimekupigia simu mara sita. Lakini uliniambia mwenyewe kwamba simu hushika tu pale juu kanisani, na kwamba hupandi kilima kwa sababu ya mtu usiyemjua. Basi naandika. Barua nampa Antony wa pikapu ya muguka, maana hayo majani yenu ya kutafuna hupita hapa Embu kila siku, hata Krismasi.

Asante kwa uji. Wiki ile nilikuwa nimepita Ishiara, Kanyuambora, Siakago na vijisoko vingine ambavyo hata ramani imevisahau. Kila mahali ni yaleyale: maduka matatu, kinu cha kusaga, makanisa mawili yanayoshindana kwa spika, na wazee wananiangalia kama mkusanya kodi. Nikiuliza mbegu ya uwele wa zamani naambiwa, "Hiyo ilikuwa ya cucu, ilikwisha," ati ilikwenda na bibi zao. Kwenu ndiko pekee nilikoiona. Kibuyu cheusi kwa moshi, kinaning'inia juu ya meko, na ndani mbegu ya ule uwele wa suke lenye ndevu ambalo ndege hawaligusi. Mama yako Wamuyu akasema, "Hii si ya kutoa," akakirudisha mahali pake.

Sikukasirika. Ila nikwambie ukweli, Mzee: kandarasi yangu inaisha Septemba, na meneja wetu Linda amesema atakayeleta mbegu ambayo haiko kwenye stoo yetu ndiye ataandikwa kazi ya kudumu. Tuko wanne tunaoiwania.

Jumapili nilikuwa nyumbani Kaaga, pale Meru, nikamsimulia baba. Akacheka. "Karigani? Kwa Munyi? Waambie wewe ni mjukuu wa Mwirigi. Nyumba ya Mwirigi na nyumba hiyo zina gichiaro." Akaniambia nisimtaje yeye, nimtaje babu, kwa kuwa hilo ndilo jina mnalolijua. Mimi ni mtoto wa Kaaga, gichiaro nalisikia kama mambo ya hadithi, ati nyumba mbili zilichanjana damu zamani zikawa ndugu. Lakini babu yangu aliitwa Mwirigi kweli, kwa hivyo naandika nilivyoambiwa. Je, ndivyo? Na kama ndivyo, mnaweza kunisaidia?

Wenu,
Kananu

Karigani
21 Julai 2024

Mwanangu Kananu,

Nakuita mwanangu kwa sababu sasa sina ruhusa ya kukuita vingine.

Barua yako nilimsomea mama palepale jikoni. Nilipofika kwenye jina la Mwirigi akaweka mwiko chini. "Rudia." Nikarudia. Akalia, Kananu. Mwanamke wa miaka themanini na mbili ambaye hakulia tulipomzika baba. Watu wa Mwirigi walishuka kutoka Meru mara ya mwisho mimi nikiwa bado tumboni. Tulidhani walikwisha.

Unauliza kama ni kweli. Swali hilo halijibiwi hapa. Mtu akisema, "Mimi ni gichiaro chako," huulizi ushahidi. Ukimshuku tu, umekivunja. Sasa sikiliza sheria, maana huko Kaaga mlifundishwa mengine. Mtu wa gichiaro hakataliwi. Mtu wa gichiaro hadanganyi wala hadanganywi. Na mtu wa gichiaro hapewi nusu. Akiomba maziwa anapewa yote yaliyokamwa siku hiyo, watoto walale hivyo hivyo, kwa sababu ukimgawia umemwambia yeye ni mgeni. Ndiyo maana naye ana adabu yake: haombi kitu ambacho mwenzake atakosa pumzi akikikosa.

Nikueleze hicho kibuyu. Hapa Karigani watu wameng'oa uwele wakapanda muguka. Hata mimi, robo tatu ya shamba ni muguka, sitajifanya mtakatifu. Mwenye uwele wa ndevu amebaki mama peke yake. Kila Oktoba anapanda kishamba chake nyuma ya boma, mbali na uwele wa mtu mwingine yeyote, kwa sababu uwele huzaana na jirani kwa upepo, na ukishachanganyika hautenganishwi tena. Kila Februari anachagua masuke kwa mkono, moja moja. Mbegu hiyo ni ya mamake, na ya mamake mamake. Miaka ambayo mahindi ya watu wote yalikauka, sisi tulikula.

Wamekuja wengi hapa na magari meupe. Mmoja alihesabu mbuzi. Mwingine alichota udongo akaupeleka kusikojulikana. Wa mwisho alitupiga picha tukicheka, na sijui tulikuwa tunacheka nini. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema, ila mimi sijamwona aliyepona. Hao wote tuliwanyima kibuyu tukalala usingizi. Wewe hatuwezi.

Kwa hivyo nakusihi kama baba. Njoo ule, njoo ulale, mama amekutengea mbuzi. Lakini mbegu usiombe.

Munyi

Dallas, Embu
12 Agosti 2024

Baba Munyi,

Nilifika salama kutoka kwenu. Najua umenikasirikia. Nilipofunga mlango wa gari uliniangalia tu, hata mkono hukuinua.

Lakini haki ya Mungu, sikuomba kibuyu. Nilisema, "Cucu, naomba mbegu kidogo tu, kikombe kimoja." Ni yeye aliyekishusha na kunimiminia yote. Alikipigapiga kitako kwa kiganja ili hata zilizoshika ndani zitoke. Nilisema imetosha. Nilisema mara tatu, na ulinisikia. Aliniambia ninyamaze, ati nimekuwa mgeni lini.

Sasa na mimi naahidi. Kampuni itachukua punje chache za kupima, na zilizobaki zote nitazirudisha kwa mkono wangu kabla ya mvua ya Oktoba. Linda alinikumbatia mbele ya ofisi nzima. Mwambie cucu ule ushanga alionifunga sijauvua hata nikioga.

Mwanao,
Kananu

Karigani
30 Oktoba 2024

Kananu,

Mvua ilianza tarehe kumi na tisa. Leo ni siku ya kumi na mbili.

Mama alishalima kishamba chake, udongo ukawa laini kama unga. Anaketi mlangoni na jembe magotini. Kila pikapu ikipita anainuka, na Antony ananiambia siku hizi anaona haya kupita hapa. Jana jirani yetu Lydiah alimletea mbegu ya mahindi ya dukani, ile iliyopakwa dawa ikawa nyekundu. Mama akashukuru vizuri, akaisukuma chini ya kitanda.

Nimepanda kilima cha kanisa, mimi niliyeapa sipandi. Nilikupigia mara nne. Iliita mpaka ikachoka. Uko wapi? Wewe ni msomi wa mbegu, huhitaji kuambiwa na mimi kwamba uwele ukichelewa hapa kwetu jua linaupiga kabla haujatoa suke, unabaki kuwa majani ya ng'ombe.

Sikushuku. Siruhusiwi. Nauliza tu uko wapi.

Munyi

Meru
14 Machi 2025

Mzee Munyi,

Samahani sana kwa kimya. Mambo yamekuwa mengi. Nilihamishiwa ofisi ya Meru baada ya kuandikwa kazi ya kudumu, na simu yako ilinikuta kwenye mkutano.

Habari njema ni kwamba Antony anakuletea magunia mawili. Mlitoa kibuyu kimoja, mnarudishiwa magunia mawili! Mbegu yenu ilipandwa kwenye shamba letu la majaribio ikazaa vizuri ajabu. Ni ileile. Mpande mvua hii ya Machi bila wasiwasi. Nilitaka kuja mwenyewe lakini gari halikupatikana.

Msalimie cucu.

Kananu

Karigani
20 Juni 2025

Kananu,

Uwele umetoa masuke. Yana vichwa vya aina tatu. Mengine marefu, mengine mafupi ya rangi ya kijivu, na karibu yote hayana ndevu. Ndege walikuja asubuhi moja na wakaambiana. Tulipiga madebe mpaka sauti zikatukauka. Kufika Ijumaa tulikuwa tunawafukuza kwenye mabua matupu.

Hilo ningelivumilia, mimi ni mkulima, hasara naijua kwa jina. Hili siwezi. Mama alisimama katikati ya shamba akalishika suke akilipapasa, anatafuta ndevu. Nikamwambia, "Mama, mbegu ilichanganywa huko ilikokwenda." Akanizaba kofi. Nina miaka hamsini na minane, nina wajukuu, nimezabwa kofi mbele yao.

"Mtu wa gichiaro hadanganyi," akasema. "Amesema ni ileile, basi ni ileile. Ni mimi. Macho yangu yameharibika. Nilichagua vibaya nikampa mtoto wa watu mbegu mbovu."

Tangu siku hiyo hashiki kitu. Hapepeti ndengu, ati atachanganya na mawe. Lydiah akimletea mtoto ampakate anakataa, ati asije akamwangusha, haoni. Anaona, Kananu! Anaona chawa kwenye kuku akiwa mlangoni. Lakini amekata shauri kwamba haoni, kwa sababu hilo ni rahisi kwake kuliko lile lingine. Ameniamuru nikuombe msamaha, nami siwezi kumkatalia. Haya: Wamuyu anaomba umsamehe kwa mbegu mbovu aliyokupa.

Sasa na mimi naomba, kwa gichiaro hicho hicho ulichotuletea. Ombi langu ni moja. Niambie ukweli.

Munyi

Meru
29 Juni 2025

Baba,

Unakata simu zangu, na jana ulimtuma mama mlangoni aseme umelala, saa kumi ya mchana, na redio yako inanguruma. Basi nakuandikia, kama wewe ulivyokuwa ukituandikia ripoti za shule.

Nilikwenda kwa shangazi Kendi. Nilimwuliza gichiaro chetu ni na nani. Akasema chetu ni na watu wa Tharaka, na hajawahi kusikia hata mbuzi wetu aliyefika Mbeere. "Isipokuwa babako," akasema, "alipokuwa mwalimu kijana huko chini, mahali panaitwa Karigani."

Hukuniambia uliwahi kuishi huko. Nilikaa kwako Jumapili nzima nikikueleza jiko la yule mama, kibuyu chake, uji wake, nawe ukawa unatikisa kichwa kana kwamba ni mambo mageni. Kuna ajuza anajifanya kipofu kwa sababu yetu. Nataka kujua umenituma kwa watu hao kama nani.

Kananu

Kaaga
4 Julai 2025

Kananu,

Usiniandikie kwa sauti hiyo. Ada yako ya chuo haikulipwa na ukweli peke yake.

Ndiyo, nilifundisha Karigani, kuanzia themanini na tatu. Mwaka uliofuata ukawa wa ukame. Mishahara ilichelewa, duka likafungwa, nikawa nafundisha hesabu nimeegemea ukuta nisianguke. Yule mama alituma mtoto aniite. Nilikula kwake misimu miwili, uji wa huo uwele wenu mtukufu. Munyi alikuwa shule ya bweni, alikuja likizo mara moja, hawezi kunikumbuka. Jioni mama yake alikuwa anapenda kuongea habari za ndugu zao wa gichiaro, watu wa Mwirigi fulani, waliopotea milimani. Alikuwa ananiuliza kama nawajua. Nilikuwa nasema nitauliza. Sikuuliza.

Uliponiambia kazi yako imesimama kwenye kibuyu, nikakumbuka. Babu yako alikuwa Mwirigi, kwa hivyo hukusema uongo. Akina Mwirigi ni wengi huku kama migomba. Nilikuazima mlango tu, wewe ndiye uliyeingia. Na mshahara unaupokea wewe.

Unataka kujua kwa nini sikukuambia ujitambulishe kwa jina langu. Nilipopata uhamisho niliondoka asubuhi bila kuaga. Niliahidi kurudi na gunia la mahindi. Miaka arobaini imepita. Ungetaka niseme nini?

Maji yakimwagika hayazoleki. Nyamaza, watu watasahau.

Babako,
Gitobu

Meru
9 Julai 2025

Mzee Munyi,

Umeuliza, nami nakujibu.

Mimi si mtu wenu wa gichiaro. Mwirigi wenu ni mwingine. Baba yangu ni Gitobu, aliyekuwa mwalimu hapo Karigani, aliyelishwa na mama yako mwaka wa ukame akaondoka bila kuaga. Habari za gichiaro chenu alizipata jikoni kwenu. Mimi sikujua. Nataka uniamini hapo, ingawa sina haki ya kutaka.

Lakini uongo wa pili ni wangu peke yangu. Mbegu yenu haikupimwa punje chache. Linda aliagiza ipandwe yote, kando ya uwele wa kisasa, hatua tano tu. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na daftari. Nilijua upepo utafanya nini, na kama nisingejua, ulikuwa umeniandikia wewe mwenyewe. Nilifungua mdomo, kisha nikaufunga, kwa sababu asubuhi ile ndiyo nilikuwa nimepewa barua ya kazi. Halafu nikakuandikia kwamba ni ileile. Nimetafuta kila stoo tuliyo nayo. Hakuna hata punje moja ya ile ya kwanza.

Nakuomba umwambie cucu macho yake ni mazima. Ushanga ninao. Nitaurudisha ukiniruhusu kuja.

Asante ya punda ni mateke, na mimi nilidhani msemo huo ni wa watu wengine.

Kananu

Karigani
27 Oktoba 2025

Kananu,

Barua yako nilikaa nayo miezi mitatu ndani ya Biblia. Si kwa sababu ya hasira peke yake. Mama aliishi miaka sitini akiwangoja watu wa Mwirigi, na mwaka mmoja akaamini wamekuja. Nilijiuliza ni kipi kibaya zaidi, kumwacha na upofu asiokuwa nao au kumnyang'anya ndugu aliowapata. Wewe ulituma ukweli kwa pikapu ukalala. Wa kuusoma kwa sauti nilikuwa mimi.

Juzi mvua ilianza. Nikamkuta ameketi mlangoni bila jembe, akiangalia maji yanavyoingia kwenye kishamba chake kilichoota magugu. Nikaona bora anizabe lingine. Nikasoma yote.

Hakunizaba. Aliuliza, "Gitobu yupi? Yule mwalimu mwembamba, wa kikohozi?"

Nikasema nadhani ndiye.

"Alipona kile kikohozi?"

Nikasema, mama, sijui, yuko Kaaga, bila shaka ana mabati na redio. Akacheka kidogo. Akasema alijua yule kijana aliondoka bila kuaga kwa sababu ya aibu ya kula bila kuleta kitu, na kwamba yeye hakuwahi kumhesabia.

Halafu akaomba ungo. Nikamletea na ndengu, akaanza kuzipepeta na kuchagua mawe, haraka kama zamani, wala hakukosa hata jiwe moja. Kwa hivyo habari yako imefika. Macho ni mazima. Ndiyo shukrani utakayoipata kwangu, na usingoje nyingine.

Usije. Ushanga ukae nao au uutupe. Tumepanda yale mahindi ya Lydiah, na kibuyu mama amekiteremsha mwenyewe, sasa kinawekwa chumvi ya ng'ombe.

Ila kuna neno alilolisema akiwa bado na ungo mkononi, na nimeona ulijue wewe na babako. Alisema mgeni yeye alimnyima kwa sababu ni mgeni, na mtu wa gichiaro alimpa yote kwa sababu hapewi nusu. "Lakini mtoto wa mwalimu? Yule niliyemlisha kwa mikono hii? Angeingia tu aseme mimi ni wa Gitobu. Ningefurahi, Munyi. Ningempa nusu."

Ungepewa nusu, Kananu. Leo nyinyi mngekuwa na yenu, na sisi tungekuwa tunapanda.

Munyi